Mihuri Kumi ya Farasi

Binti wa kaunta katika duka kubwa la hapa Tegeta ameshachoka na mimi. Kila nikilipa huniuliza, "Mama, una kadi ya pointi?" nami humjibu kwamba sina na siitaki. Juzi akanibembeleza. Eti nikinunua napata pointi, pointi zikijaa napata zawadi, na zawadi kubwa kuliko zote ni mapumziko ya familia kwenye hoteli yenye mabembea na mabwawa. Nikamwambia, "Mwanangu, hiyo nilishaipata." Watu waliokuwa nyuma yangu wakaguna, maana foleni ilikuwa ndefu na bibi kizee anapiga soga. Mimi ni mkali, wanangu wanalijua hilo, lakini siku hiyo haukuwa ukali. Nilikuwa nimemkumbuka mama.

Tulikaa Chang'ombe, vyumba viwili vya kupanga, karibu na kiwanda cha nguo ambako baba alikuwa fundi wa mashine. Baba na mama wote walikuwa watu wa Kusini. Baba alikuwa mpole, mtu wa kusikiliza vyuma kuliko watu. Mama alikuwa amesoma mpaka darasa la nane, jambo ambalo wanawake wa uani kwetu walilitaja kwa sauti ya chini, kama watu wanavyotaja ugonjwa. Asubuhi alifua, mchana alipika, jioni alisoma gazeti la juzi lililofungiwa sukari, akalisoma tena. Mimi nilidhani anapenda magazeti.

Huko Kawe, ufukweni, palikuwa na bustani ya michezo. Jina lake rasmi lilikuwa refu, na lilibadilika mara mbili, kwa sababu kwanza bustani ilikuwa mali ya mtu mmoja, kisha ikawa mali ya umma. Sisi tuliiita Bembeani, basi. Kulikuwa na farasi wa mbao wanaozunguka, gurudumu kubwa la kupandisha watu juu, treni ndogo ya watoto, na bwawa la kuogelea. Upande wa bahari vilijengwa vibanda vya makuti vya kulala wageni. Wenye nafasi zao walikuja kulala. Wenzangu na mimi tulikuja Jumapili kwa basi la kiwanda, sufuria ya wali imefungwa kwa kanga, tukaondoka jioni.

Yule mwenye mali wa zamani alikuwa ameanzisha desturi moja. Kila familia iliyofika ilipewa kadi ngumu ya rangi ya waridi, juu imeandikwa Kadi ya Mgeni wa Kudumu, yenye miraba kumi. Kila mkija, karani wa getini anagonga muhuri wa farasi kwenye mraba mmoja. Miraba ikijaa, mnapewa siku mbili na usiku wake kwenye kibanda cha ufukweni, chakula chenu, na kupanda kila kitu bure mpaka mtapike. Hilo la kutapika naliongeza mimi, halikuandikwa. Lililoandikwa, chini kabisa, lilikuwa hili: Zawadi hutolewa kwa familia nzima kwa pamoja. Bustani ilipokuwa ya umma, tulisikia kamati ilikaa siku nzima kujadili kama kadi ile ni ubepari. Wakaona kwamba mfanyakazi anayerudi tena na tena anastahili kupumzika, wakaiacha.

Mwenye muhuri alikuwa karani wa getini, mwanamke mrefu, mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi mweusi upande mmoja. Kwake kila mtu alikuwa ndugu, hata sisi watoto. "Ndugu mtoto, panga mstari." Sikuwahi kumwona akicheka, na sikuwahi kumwona akipendelea mtu.

Mihuri miwili ya kwanza tuliipata mama akiwepo. Nakumbuka siku ya wa pili vizuri zaidi. Mama alipanda farasi akikaa upande, kanga ameikamata kwa meno, mdogo wangu mapajani. Kila alipotokea upande wetu alikuwa anacheka kwa kelele, mama yangu ambaye nyumbani alicheka kwa pua tu. Baba hakupanda. Alisimama kando ya mashine, kichwa amekiinamisha, akaniambia, "Hii beringi imekwisha." Nikamjibu, "Baba, mtazame mama." Akamtazama, na farasi wakazunguka mara tatu au nne kabla hajakumbuka tena beringi.

Baada ya hapo ikaja barua kutoka Kusini. Ilikuwa miaka ile ya watu kuhamia vijijini, na kijiji cha bibi, mama yake mama, kilikuwa kinahamishwa kwenda kando ya barabara kuu. Bibi alikuwa haoni vizuri, na hakuwa na mtu wa kumjengea. Mama akafunga mzigo. "Nikishampatia bibi yenu paa, narudi," alisema. Mimi nilikuwa na miaka tisa, mdogo wangu mitatu.

Paa lilipatikana, mama hakurudi. Kwanza masika ilikata barabara. Halafu ikawa mavuno, na bibi hawezi kuvuna peke yake. Halafu barua ikasema kijiji kinaanzisha darasa la elimu ya watu wazima, hakuna wa kufundisha, na mwenyekiti amemwomba yeye ashike kwa muda mfupi. Tangu hapo barua zake zikawa ndefu. Mama alituandikia kuhusu darasa lile kama mtu anayesimulia harusi. Mzee mmoja mwenye mvi tupu alikuwa ameandika jina lake kwa mara ya kwanza, akakaa akilitazama, watu wakamwacha peke yake mle ghalani walimosomea, alitazame mpaka atosheke. Baba aliposoma hapo alitikisa kichwa kwa furaha. Mimi nilimchukia mzee yule. Mimi nilikuwa naandika jina langu toka darasa la kwanza, na hakuna aliyekaa kunitazama.

Mwishoni mwa barua mojawapo mama aliniandikia mstari wangu peke yangu: "Mihuri imefika mingapi? Ikitimia kumi nitakuja, maana si wametaka familia nzima?"

Leo naamini aliandika kwa utani, au kwa kutaka kunituliza. Mimi niliuchukua mstari ule kama mkataba wenye sahihi. Hesabu yangu ilikuwa fupi: kadi inataka familia nzima, mama ameahidi, kwa hiyo mihuri ikitimia kumi tutakuwa familia nzima tena, na familia nzima hulala nyumba moja. Kuanzia siku hiyo Bembeani haikuwa mchezo kwangu. Ilikuwa njia ya kumrudisha mama nyumbani, na sikuwa na njia nyingine.

Basi la kiwanda lilikwenda Jumapili moja kwa mwezi, tena kama mafuta yamepatikana. Jumapili hiyo baba alitaka kulala kama mtu mwingine yeyote aliyesimama kwenye mashine wiki nzima. Simlaumu. Lakini mimi nilimtolea maji ya kuoga kabla jogoo hajamaliza, nikampigia pasi shati, nikampakulia chai, nikasimama mlangoni na mdogo wangu tumevaa tayari. "Ewe mtoto, hii ni kazi au ni matembezi?" aliniuliza siku moja. Nikamjibu, "Twende tu, baba." Tukapata muhuri wa tatu, wa nne, wa tano na wa sita. Nikawa namwandikia mama namba tu, sina maneno mengine.

Kwenye wa sita tukakwama. Mafuta yakawa adimu, basi likalala uani kwa kiwanda mwezi wa kwanza, wa pili na wa tatu. Nilipita pale kila siku nikitoka shule, nikaligusa matairi. Hapo ndipo shetani aliponipitia.

Jirani yetu wa chumba cha mbele alikuwa mchonga vinyago, naye mtu wa Kusini, ambaye tulimwita mjomba kwa sababu kijiji chao na cha mama ni jirani. Nikamwendea na uongo wangu: shuleni tumeambiwa tulete muhuri wa mti wenye picha ya farasi, ukubwa wa kifuniko cha soda.

"Farasi wa namna gani?" akaniuliza.

"Farasi yeyote tu, mjomba."

"Hakuna farasi yeyote tu," akasema. "Kuna farasi anayekwenda, na kuna farasi aliyesimama. Nenda kaulize."

Nikaenda nyuma ya nyumba, nikahesabu mpaka hamsini, nikarudi nikasema anayekwenda. Mjomba alikaa na kipande kile cha mpingo kwa zaidi ya wiki. Kila nikimharakisha ananifukuza. Hatimaye akanipa. Wino niliutoa kwenye kichupa cha baba cha kuandikia, umeganda chini, nikaulainisha kwa maji ya moto. Nikagonga mraba wa saba na wa nane. Nilijiona nimeshamvusha mama mto Rufiji.

Basi lilipopata mafuta, baba akampa karani kadi. Karani akaitazama. Akavua miwani, akaipangusa kwa kitenge, akaivaa tena. Akanitazama mimi wala hakumtazama baba.

"Ndugu mtoto," akasema, "farasi wetu ana miguu mitatu."

Ilikuwa kweli. Muhuri wa Bembeani ulikuwa umegongwa miaka mingi hata mguu mmoja ukafutika, na kichwa kimevimba kikawa kama cha mbuzi. Farasi wa mjomba alikuwa na miguu yote minne, kwato zake, na shingo yenye manyoya unayoweza kuyahesabu. Hata pua alimtoboa.

"Huyu wako anapumua," karani akasema.

Baba alikuwa mtu ambaye hajawahi kutoka na hata uzi mmoja wa kiwanda mfukoni. Aligeuka akaniuliza, pale pale mbele ya foleni ya wafanyakazi wenzake, "Umefanya nini?" Nami nikalia na kusema yote kwa sauti: mama kasema mihuri ikitimia kumi anakuja, na basi halina mafuta, na sasa ni karibu miaka miwili. Nilitegemea karani atanihurumia. Alichukua kalamu nyekundu akawakata farasi wangu wote wawili, taratibu, kila mmoja msalaba wake. "Sheria ni sheria, ndugu." Halafu akageuza kadi, akachora kwa rula miraba miwili mipya mgongoni badala ya ile niliyoiharibu, akatia sahihi yake, kisha akaugonga muhuri wa saba, wa halali, na kusema, "Anayefuata."

Usiku ule sikuchapwa. Baba aliniambia neno moja tu tulipofika nyumbani: "Usimlazimishe mama yako." Nilidhani ananikaripia. Muhuri wa mjomba aliuchukua akamrudishia mwenyewe na kumweleza ukweli, na mjomba, badala ya kukasirika, alitaka kujua farasi wa Bembeani amechongwa na nani hata akakosa mguu.

Wa nane, wa tisa. Wa kumi tuliupata siku ya mawingu, watu wachache. Karani akaugonga, akaupuliza ukauke, akainuka kitini na kutushika mkono mmoja mmoja, baba, mimi, na mdogo wangu. Akatupangia siku mwezi unaofuata. Barua yangu kwa mama siku hiyo ilikuwa na maneno mawili: "Imetimia. Njoo."

Na mama akaja. Alishuka kwenye basi la Kusini na kikapu cha korosho, amekonda, ameiva kwa jua, viganja vimekuwa vigumu kama vya mwanamume. Alinikumbatia mpaka nikakosa pumzi. Harufu yake ilikuwa ya moshi na chaki. Mdogo wangu, ambaye sasa alikuwa anakaribia miaka sita, alimwamkia kwa adabu, "Shikamoo," kisha akamvuta baba pembeni na kumuuliza, "Mgeni atalala wapi?" Mama alisikia. Alicheka, lakini machozi yalimtoka, akayafuta kwa upande wa kanga na kusema ni vumbi la safari.

Nilikuwa nimefagia vyumba vyote viwili na kuyaondoa makoti ya baba msumarini, ili mama atundike nguo zake. Hakutundika kitu. Nguo zake zilibaki ndani ya mfuko wake wa safari, na kila alipohitaji kitu aliufungua, akakitoa, akaufunga tena. Niliona. Nilijiambia amechoka.

Getini Bembeani karani alitaka kujua kwamba mama ndiye mama. Mama hakuwa na karatasi nyingine zaidi ya barua ya ruhusa ya mwenyekiti wa kijiji, maana siku zile hukutoka kijijini hivi hivi. Karani aliisoma kwa sauti, kama alivyosoma kila karatasi: "Mwenye barua hii ni mkazi wa kijiji chetu na ni mwalimu wetu wa watu wazima. Amepewa siku saba kwenda Dar es Salaam kupokea zawadi ya familia yake. Anatakiwa kurudi darasani bila kuchelewa." Akaikunja na kumrudishia. "Karibu, ndugu mwalimu," akasema. Hakuwahi kumwita mtu mzima chochote zaidi ya ndugu. Mimi nilikuwa nimemshika mama mkono na nilijifanya natazama gurudumu.

Siku zile mbili nikipewa leo nitazichukua, hata kwa kubadilishana na miaka kumi ya mwisho niliyobakiza. Tulipanda kila kitu. Baba alipanda farasi kwa mara ya kwanza maishani mwake, akajishikilia shingoni kwa mikono yote miwili, na mama akampigia makofi kila anapopita. Tulikula samaki wa kukaanga kwenye meza yenye kitambaa. Mdogo wangu alianza siku ya kwanza akimwita mama "wewe", na kufikia siku ya pili alikuwa amemkalia mapajani na anamlisha embe kwa nguvu. Mama alinifundisha kuelea bwawani, kiganja chake chini ya mgongo wangu, akisema, "Legea, nimekushika." Nililegea. Mpaka leo sijui kuogelea, najua kuelea tu.

Tulipokuwa tunatoka karani alituita dirishani. Ilikuwa desturi: kadi ikijaa, familia inapewa nyingine mpya, na kwa hisani inagongwa muhuri wa kwanza hapo hapo. Akatoa kadi ya waridi, akaandika jina la baba. Halafu akauliza, kalamu iko juu, "Familia ya watu wangapi?"

"Wanne," baba akasema.

Karani hakuandika. Alimtazama mama. Alikuwa ameisoma ile barua.

"Watatu, ndugu karani," mama akasema.

"Mama watoto," baba akasema polepole, "iache wanne. Karatasi haina hasara."

"Karatasi hii ndiyo imemweka mtoto mlangoni miaka miwili," mama akasema. "Nisipomwambia leo ataningoja na mingine."

Akachuchumaa mbele yangu, akanishika mabega. Alinieleza wazi, kama alivyokuwa akiwaeleza watu wazima wake nadhani, bila kuzunguka. Alisema ananipenda na hilo lisinipotee. Alisema atakuwa anakuja, na mimi nitakwenda kwake likizo, lakini kukaa mjini hatakaa tena. Huko ana watu wanaomngojea afungue mlango, na hapa, katika vyumba vile viwili, alikuwa anakauka. Alisema yeye na baba wameshazungumza. Mimi nilimgeukia baba, naye alikuwa ameinamisha kichwa vile vile anavyosikiliza mashine. Kumbe alijua. Kila Jumapili aliyovaa lile shati nililompigia pasi alikuwa anajua, na akaenda hivyo hivyo. Nilimwonea huruma kuliko nilivyojionea mwenyewe, na nilikuwa na hasira nao wote wawili, na hasira ile kidogo ninayo bado.

Karani akaandika watatu. Akagonga muhuri, akaupuliza, akapitisha kadi dirishani na kunipa mimi badala ya baba.

Nikamuuliza mama, "Na ikifika ishirini?"

Mama alianza kunifunga kifungo cha juu cha gauni, ambacho kilikuwa kimefungwa tayari, akakifungua, akakifunga tena.